MALI BILA DAFTARI
Ordinatere nyepesi kwa kazi ya biashara: namna ya kuchagua bila kupoteza feza



Wazee walisema: «Mali bila daftari huisha bila habari.» Kila mama anayeuza katika soko la Kiwanja anaelewa methali hiyo. Leo vijana wetu wanasema daftari imekuwa ordinatere. Wanasema kweli? Na kama ni kweli, utanunua gani, kwa bei gani, na utaitambua namna gani?

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kiwanja anauza maharagi na mahindi. Kwake kuna madaftari manne: ya wakulima wanaomletea, ya wanunuzi wa Goma, ya madeni, na ya MUSO ya wamama wenzake. Mtoto wake amemaliza humanité ya komersiali. Hana kazi. Anataka kufungua sekretaria ndogo: kuandika barua, CV na fakture za watu. MUSO inakubali kumkopesha mama dola 200. Kijana anarudi mbio:

— Mama, nimeona mashini moja mupya kabisa! Ekrani kubwa, inchi 15. Dola 200 kamili!

— Iko na uzito gani?

— Sijauliza.

— Na kurani ikikatika, inatumika saa ngapi?

— Sijauliza, mama.

— Basi rudi uulize. Hii si feza yangu. Ni feza ya wamama.

Mama huyo hajui ordinatere, lakini anajua kununua. Tumfuate.

Kwanza: unaihitaji kweli?

Kama biashara yako ni ya kuuza nyanya na faida unaihesabu kila jioni, daftari na simu vinatosha. Usione haya. Ordinatere inafaa kama unaandikia watu kwa malipo, kama unatoa fakture nyingi, kama una wateja wengi wa deni, ao kama unatunza hesabu ya MUSO ao ya kooperative.

Fanya hesabu hii. Mashini ya dola 200, uitumie miaka 2, ni miezi 24. Gawanya: dola 8 na kidogo kila mwezi. Ongeza bei ya kurani, karatasi na matengenezo. Mashini isipokuletea kiasi hicho kwa mwezi, ao isipokuzuilia hasara ya kiasi hicho, si chombo cha kazi. Ni pambo la nyumba.

Kwa nini nyepesi?

Mtu wa mji mkubwa atasema nyepesi ni ya kupendeza macho. Kwetu ni jambo lingine. Kutoka Kiwanja mpaka Goma ni kilometa 70 na zaidi, na wengi wanapanda pikipiki. Mashini ya kilo 2 na zaidi, pamoja na chaja yake, inakuvuta mgongo njia yote. Kila shimo la barabara linaipiga.

Kuna sababu ingine, na hakuna familia ya Kiwanja isiyoijua. Novemba 2008 watu wengi waliuawa hapa. Julai 2012 vita vilirudi, na Oktoba 2022 tena. Anayekimbia anabeba mtoto, nguo na chakula. Daftari za madeni zinabaki mezani. Anaporudi, daftari hazipo, na aliyekopa amesahau. Chombo kinachoingia katika mfuko mmoja na nguo za mtoto kinaweza kuokoa kazi ya miaka. Ndiyo maana swali la kwanza la yule mama lilikuwa uzito.

Mupya ya bei chini, ao ya mukono wa pili?

Hapa ndipo vijana wengi wanadanganyika. Mashini mupya ya bei ya chini sana mara nyingi ina memware (RAM) ya gigabayiti 4 tu, na fasi ya kutunza kazi ya gigabayiti 64. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya fasi hiyo. Kisha miezi michache mashini inakwama, na mara nyingi fundi hawezi kuongeza kitu, kwa sababu vyote vimeunganishwa ndani.

Ya mukono wa pili ni habari ingine. Makampuni ya Ulaya na Marekani yananunua ordinatere nyepesi za nguvu kwa ajili ya watumishi wao, na kisha miaka michache yanazitoa. Zinauzwa tena, na nyingi zinafika Kampala, Kigali na Goma. Kwetu zile za Kampala zinapita Ishasha ao Bunagana. Majina ya kutafuta ni haya: Lenovo ThinkPad X280, iliyotoka 2018, kilo 1 na gramu 130 hivi, Dell Latitude 7290, kilo 1.2 hivi, HP EliteBook 830 G5, kilo 1.3 hivi. Mashini hizi zilitengenezwa kwa watu wa kusafiri. Ekrani yao ni ya inchi 12 ao 13, inatosha kwa barua na hesabu.

Namba nne za kukumbuka

1. RAM: gigabayiti 8. Usishuke chini. Katika X280 RAM haiongezeki, kwa hiyo angalia mbele ya kulipa.

2. Diski: iwe SSD, si diski ya kuzunguka. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo inavumilia pikipiki, na inafungua kazi upesi. Gigabayiti 256 zinatosha.

3. Kizazi cha prosesere. Soma jina lake. Katika «i5-8250U», namba 8 kisha kistari inaonyesha kizazi cha 8. Katika «i5-6300U» ni kizazi cha 6. Hii ina maana, kwa sababu Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesere za Intel, Windows 11 inaomba kizazi cha 8 ao cha juu. Wauzaji wanashusha bei ya mashini za zamani kwa sababu hiyo. Usifikiri umepata bahati.

4. Afya ya batri. Tutaieleza hapa chini.

Je, mashini ya kizazi cha 6 ni ya kutupwa? Hapana. Ukiwa na fundi anayejua, anaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandika na kuhesabu, nayo ya bure. Lakini lipa bei ya mashini ya zamani, si bei ya mupya.

Kurani na batri

Tangu Desemba 2015, santrali ya Matebe, kwenye mto Rutshuru, inatoa megawati 13 na zaidi. Ilileta kurani katika nyumba na vinu vya fasi zetu. Lakini si kila nyumba ina kompteri, na kurani inaweza kukatika siku ile mteja anangoja barua yake.

Batri inapimwa kwa wati-saa. X280 mupya ina batri ya wati-saa 48. Kazi nyepesi ya kuandika inakula wati 8 hivi. Gawanya 48 kwa 8: saa 6. Lakini batri ya mukono wa pili imechoka. Ikibaki na nusu, utapata saa 3. Si mbaya, lakini ujue mbele, na bei ishuke.

Muuzaji atasema: «Batri iko sawa, usiogope.» Wewe usibishane. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Mashini inatengeneza ripoti. Ndani utaona namba mbili: nguvu ya batri wakati ilikuwa mupya, na nguvu inayobaki leo. Mashini haina sababu ya kumsaidia muuzaji.

Kama nyumbani mnatumia pano ya jua, chagua mashini inayochajiwa kwa mlango wa USB-C, kama X280. Chaja ya gari ya wati 45 ao 65 yenye mlango huo inaunganishwa kwa batri ya volti 12, na mashini inachajiwa bila konvertisere. Konvertisere inakula sehemu ya nguvu bure. Lakini usiunganishe mashini moja kwa moja na pano. Pano inaenda kwa regulatere, regulatere kwa batri, na batri kwa chaja.

Klavie na fishi

Mashini nyingi za kutoka Kampala zina klavie ya Kiingereza: herufi za juu zinaanza Q, W, E. Shuleni kwetu tunafundishwa A, Z, E. Unaweza kubadilisha ndani ya mashini iwe ya Kifaransa, lakini alama za juu ya vidole zitakudanganya mpaka uzoee ao ubandike herufi. Kijana wa sekretaria anayeandika barua 20 kwa siku, mwenye kutafuta «é» kila mara, anapoteza wateja. Uliza klavie mbele ya bei.

Fishi za Uganda zina meno matatu ya pembe. Za kwetu ni za duara. Usikate waya na kuufunga kwa plastiki. Mara nyingi kamba ya kutoka ukutani mpaka kwa chaja inachomoka. Nunua kamba ingine tu.

Mbele ya kutoa feza

Nenda mchana, usiende peke yako, na usiende na haraka. Omba saa moja na mashini, kisha fanya hivi:

— Izime kabisa, kisha iwashe. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji hajui, ao ikionyesha jina la kampuni fulani, iache. Inaweza kuwa imeibwa ao imefungwa kwa mbali.

— Fungua fasi ya kuandika, bonyeza kila herufi moja moja.

— Weka rangi nyeupe ekrani nzima, tafuta madoa. Fungua na funga kifuniko mara kumi, sikiliza bawaba.

— Ingiza flashi katika kila mlango. Jaribu Wi-Fi kwa simu yako.

— Itumie dakika 30 bila chaja. Ikizima yenyewe, umejua.

— Omba fakture yenye jina la duka, namba ya mashini na siku za garanti. Muuzaji asiyeandika, usimnunulie.

Mwandishi wa mistari hii alinunua yake ya kwanza usiku, kwa mwanga wa simu, bila fakture. Kisha siku tisa ekrani ilizima. Duka halikukumbuka sura yake. Somo hilo lilimgharimu dola 150. Wewe linakufikia kwa bei ya gazeti.

Kisha kununua

Mashini inaweza kuibiwa, kuanguka, kunyeshewa. Kazi yako isianguke nayo. Tunza hesabu fasi tatu: katika mashini, katika flashi ya nyumbani, na katika flashi ingine kwa mtu unayemwamini, anayekaa mtaa mwingine. Kila Siku ya Posho, nakili upya. Weka neno la siri, ili majina ya wateja na madeni yao yasiwe habari ya njia nzima. Usiitembeze usiku. Na msiitupe daftari ya karatasi: kwa mwaka wa kwanza, andikeni fasi zote mbili.

Neno kwa sisi watu wa madini

Kuna jambo la kufikiri. Ndani ya ordinatere kuna vipande vidogo vinavyotunza kurani kwa muda mfupi. Vingine vinatengenezwa na tantalum, inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya, katika Masisi. Vipande vinaunganishwa kwa bati, na bati inatoka katika kasiteriti kama ile ya Bisie, Walikale. Batri nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Kijana wa kwetu anachimba, udongo unaenda mbali, unarudi kama mashini ya dola 200, naye anaona mashini hiyo si yake.

Hatuwezi kubadilisha bei ya koltani kwa makala moja. Lakini mchimbaji anayejua kuandika kilo alizotoa, siku, bei na jina la mnunuzi, hadanganywi kama yule anayetegemea kichwa chake tu. Iwe katika daftari ya franga chache, iwe katika ordinatere, hesabu iliyoandikwa ni kinga ya mnyonge.

Na yule kijana wetu? Alirudi sokoni mara tatu. Ile mupya ya inchi 15 ilikuwa na RAM 4. Aliiacha, ingawa iliangaza. Alinunua ya mukono wa pili, nyepesi, RAM 8, batri iliyobaki na sehemu mbili kwa tatu, dola 170. Dola 30 zilizobaki zilinunua flashi mbili, kamba na karatasi. Mama alipoona, hakusema mengi. Aliinua mashini kwa mkono mmoja, kama mtu anayepima maharagi.

— Hii, alisema, naweza kukimbia nayo.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani

1. Katika biashara yetu, ni hesabu gani inapotea kwa sababu haiandikwi?
2. Feza ya MUSO ikinunua chombo, nani anajibu chombo kikiharibika?
3. Kama tungeondoka leo usiku, daftari zetu ziko wapi?