Vumbi la Goma na Askari wa Damu

Mtu afikaye Goma wakati wa kiangazi hana budi kuona jinsi pikipiki zinavyolitimua vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo, na jinsi vijana waketio kando ya barabara wakiyapasua mawe hayo kwa nyundo ili yajengewe kuta wanavyorudi makwao jioni wamegubikwa na ungaunga wa kijivu hata kopeni. Ndani ya vumbi la mji, pamoja na uozo wa majani, wa makapi ya sokoni na wa mbao za nyumba zilizoloa mvua, zimo mbegu za kuvu zisizoonekana kwa macho, na kila mmoja wetu huzivuta kwa mamia kila siku bila ya kudhurika.

Kuvu iliyo mashuhuri zaidi katika hizo huitwa Aspergillus, jina ililopewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri na mwanachuoni wa mimea wa Florence, ambaye alipoitazama kwa hadubini aliona kijiti chembamba chenye kichwa cha mviringo kilichozungukwa na vishanga vya mbegu, akakumbuka kile chombo ambacho kwacho padri huwanyunyizia waumini maji ya baraka. Ukiigawa milimita moja mafungu 1,000, mbegu ya kuvu hii haizidi mafungu 2 au 3, na kwa udogo huo huteremka hata vifuko vya mwisho vya mapafu.

Huko hulakiwa na askari. Chembe nyeupe za damu, hususa zile ziitwazo nyutrofili, huizingira mbegu na kuiua kabla haijachipua, na askari hao huzaliwa katika uboho, ndani ya mifupa. Sasa mtu akipatwa na saratani ya damu, uboho wake hujaa chembe changa zisizojua kupigana; na akitiwa dawa kali za kuziua chembe hizo mbovu, dawa haibagui, huwafagia na askari wachache waliosalia, hata hesabu yao, ambayo kwa mtu mzima wa afya aghalabu hupita 1,500 katika milimita moja ya ujazo wa damu, ikashuka chini ya 500, pengine kwa zaidi ya siku 10. Katika siku hizo ndipo mbegu inapochipua kama punje ya mahindi iliyopata mvua, ikatoa nyuzi, nyuzi zikatoboa mishipa na kuiziba, na nyama ya pafu ikafa kwa kukosa damu.

Adui wa pili hatoki nje. Kuvu ya Candida hukaa kinywani na matumboni mwa wengi wetu tangu utotoni, nayo hupenya damuni pale dawa zinapoichubua ngozi laini ya utumbo, au kupitia mrija uliotiwa mshipani. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa Oktoba 2022 orodha ya kuvu 19 zilizo hatari kwa wanadamu, liliweka baadhi ya aina za jamii hizi mbili katika daraja la kwanza.

Lililo zito kwetu ni homa. Goma homa ni malaria, au palu kama wengine wasemavyo, na mzazi hukimbilia vidonge. Wala simlaumu, maana mara nyingi husibu. Lakini kwa mgonjwa anayetibiwa saratani ya damu, joto la nyuzi 38 halingoji kesho: apelekwe hospitalini saa ileile, hata ikiwa usiku, apewe dawa za kuua bakteria, na homa ikidumu siku 4 hata 7 juu ya dawa hizo, tabibu huanza kuishuku kuvu, kwani kikohozi na maumivu ya kifua huenda yakachelewa, au yasije kabisa. Kwa watoto wenye ugonjwa wa chembe mundu, ambao mjini huitwa SS, homa nayo ni ya haraka, ila adui wao aghalabu ni bakteria.

Dawa kongwe ya kuvu hizi ni amfoterisini, iliyopatikana katika miaka ya 1950 kutokana na kijidudu cha udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Unga wake wataka baridi ya nyuzi 2 hata 8, na baridi hiyo si jambo dogo katika mji ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa vita vilipoingia mwisho wa Januari 2025. Huchanganywa na maji ya sukari, kamwe si ya chumvi, kwa kuwa chumvi huigandisha. Muuguzi hutanguliza chupa ya maji ya chumvi peke yake ili kuzihifadhi figo, akausafisha mrija, kisha huifungulia dawa tone kwa tone kwa saa 4 hata 6, akiupima mkojo katika chombo; na mgonjwa hutetemeka chini ya blanketi mbili hata meno yakagongana, mamaye akiwa amemshika mkono ule usio na sindano.