Majani ya chai, madini ya fedha na deni la China

Ingia hoteli yoyote ya Bungoma asubuhi, uagize chai ya maziwa. Chupa inayomiminwa huenda imetoka China, na majani huenda yamechumwa upande wa Kitale, kwenye miteremko ya Cherangany inayolisha kiwanda cha Kapsara. Karne tatu zilizopita majani ndiyo yaliyotoka China.

Waingereza walipoizoea chai, hawakuwa na pengine pa kuinunua. Tangu 1757 serikali ya Qing iliwabana wafanyabiashara wa Ulaya kwenye bandari moja, Guangzhou. Nguo za sufu za Uingereza hazikuwavutia sana Wachina, hivyo chai ililipiwa kwa madini ya fedha, mengi yakiwa yamechimbwa Amerika ya Kihispania. Mwaka 1793 mjumbe wao George Macartney alifika kwa mfalme Qianlong kuomba masharti yalegezwe. Alirudi mikono mitupu.

Njia waliyoipata Waingereza ni aibu isiyofutika. Kampuni ya India Mashariki ilisimamia kilimo cha afyuni huko Bengal, ikaiuza kwa mnada Calcutta, na wafanyabiashara binafsi wakaiingiza China kwa magendo ingawa sheria ya huko iliikataza. Madini ya fedha yakaanza kutoka China badala ya kuingia. Mwaka 1839 ofisa Lin Zexu alikamata masanduku yapatayo 20,000. Pale Humen afyuni ilitupwa katika mashimo ya maji, ikachanganywa na chumvi na chokaa hadi ikayeyuka, kisha ikafunguliwa mkondo kuelekea baharini. Uingereza ilijibu kwa manowari. Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliilazimisha China kufungua bandari tano, kulipa fidia na kuitoa Hong Kong.

Hata ushindi huo haukutosha. Mwaka 1848 Kampuni ilimtuma mtaalamu wa mimea Robert Fortune, aliyejivika mavazi ya Kichina, akapeleka miche, mbegu na mafundi wa chai India. Huko Assam kulikuwa tayari na aina ya kienyeji iliyostawi vizuri zaidi. Kutoka India mbegu zikafika Limuru, hapa Kenya, mwaka 1903. Kwa miongo mingi chai ilibaki zao la walowezi. Ndipo KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, likaundwa 1964.

Leo sisi ndio tulio katika nafasi ya Mwingereza yule wa kabla ya afyuni: Kenya hununua China bidhaa nyingi mara kadhaa kuliko inazouza huko. Parachichi mbichi zilianza kwenda 2022. Chai ni ngumu zaidi, kwa sababu viwanda vyetu vingi husaga majani yakawa punje nyeusi, ilhali Wachina wengi hupenda chai ya kijani au ya majani yaliyoviringwa. Kubadili mashine ni gharama, na mkulima wa Cherangany anayengojea bonasi hawezi kuibeba peke yake. Wajumbe wetu wanapokwenda Beijing kuomba mikopo ya barabara na reli, waombe pia mitambo hiyo, na ushuru mwepesi kwa chai itakayotoka humo.