Machozi Hayabatilishi Subira



Yako maneno niliyoyasema kwa nia njema, na hata leo nikiyakumbuka huinamisha kichwa.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa mtaani kwetu alifiwa na mwanawe wa miaka tisa. Niliingia kumpa mkono wa taazia, nikamkuta analia. Nikamwambia, “Subiri, mwanangu, usilie. Muumini haililii kadari ya Mola wake.” Akanyamaza pale pale. Waliohudhuria wakamsifu kwa imani yake, nami nikatoka nikidhani nimetimiza wajibu wangu.

Baada ya arubaini, wifi yake alikuja kwa mke wangu. Yule mama halali, hali ila kwa kushurutishwa, na kila jioni humpakulia marehemu sahani yake. Chozi hajatoa hata moja. Akiulizwa, jawabu lake ni moja tu: “Sheikh amenikataza.”

Ndugu zangu, nilikuwa nimemkataza jambo ambalo Mtume wetu (S.A.W.) hakujikataza mwenyewe. Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bi Mariya, alipokuwa akikata roho hali angali mchanga, macho ya Mtume yalibubujika machozi. Abdulrahman bin Auf alipostaajabu, Mtume alimfahamisha kuwa hiyo ni rehema. Jicho lina haki ya kulia na moyo kuhuzunika, maadamu ulimi hautamki la kumchukiza Mola. Naye Nabii Yaakub, Sura Yusuf inatusimulia, macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, na bado alikuwa mwenye subira njema, kwani mashitaka yake aliyapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kilichoharamishwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo.

Wanavyuoni wa kale walilitambua hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi. Alifunza kwamba nafsi nayo huugua, na kwamba mtu ajiwekee fikra njema angali mzima, kama tuwekavyo dawa nyumbani kabla ya maradhi kuingia.

Basi mfiwa tumsaidie vipi?

Kwanza, tumwache alie na azungumze. Akimtaja marehemu wake mara kumi, tumsikilize mara kumi. Huzuni iliyofungiwa kifuani haifi. Hutafuta mlango mwingine wa kutokea, ikawa kukosa usingizi, kuumwa na kichwa au hasira juu ya watoto.

Pili, tumpikie. Jaafar bin Abi Talib alipouawa shahidi Muta, Mtume aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Kwetu mara nyingi mfiwa ndiye anayekopa mchele ili atulishe sisi.

Tatu, tusimwache mapema. Bi Aisha alikuwa, wanawake waliokuja msibani wakishatawanyika na kubaki jamaa wa karibu, huamrisha ipikwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akieleza kuwa huuliwaza moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Tazameni wakati aliouchagua: ni pale nyumba inapokuwa tupu. Siku tatu sisi hujaa hadi barazani. Matanga yakiondolewa, hodi haisikiki tena. Mjane aliye edani ana miezi minne na siku kumi za kukaa na upweke wake. Mpelekeeni uji, mkae naye.

Nne, majuma yakipita na mfiwa hali, halali, au akatamka kuwa hataki kuishi, apelekwe hospitali bila kukawia, wala asiachwe peke yake. Dua na daktari havigombani. Mtume mwenyewe alituhimiza kujitibu.

Nilirudi kwa yule mama pamoja na mke wangu. Nikamwomba radhi, nikamsimulia habari ya Ibrahim. Alilia kifuani mwa mke wangu hadi adhana ya Alasiri. Baadaye wifi yake alimpeleka kwa mshauri wa hospitali, mara nyingi, si mara moja. Huzuni haijamtoka, lakini anakula na analala. Na kila Ijumaa hupeleka mahamri chuoni alikosoma mwanawe, sadaka kwa ajili yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atusamehe sisi tuliowanyamazisha wafiwa. Amin.