Tarishi wa Msomaji

Alfajiri ya Jumamosi iliyopita, kabla sijainjika birika ya chai, nilifungua simu yangu nikakuta makala mapya ya bwana mmoja wa Tanga, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiandika katika blogu yake juu ya majina ya samaki, majira ya pepo na maneno ya wavuvi, na ambaye kabla ya siku ile alikuwa hajaandika hata mstari mmoja kwa muda wa miezi kumi na minne. Sikumtafuta, wala hakuna mtu aliyenipasha habari. Na lau ningalitegemea kumbukumbu yangu, au ile mitandao ya kijamii ambayo humpendelea asemaye kila saa, makala yale, yaliyohusu tofauti ya nguru na songoro na sababu ya wanunuzi kuwachanganya samaki hao sokoni, yangalipita nisijue kwamba yameandikwa. Aliyeniletea ni tarishi wangu, naye ndiye ninayetaka kumsifu leo.

Tarishi huyo ni programu ya kusomea milisho, na kwa kuwa watu wengi watumiao intaneti kila siku hawajapata kusikia habari zake, au walizisikia zamani wakazisahau, naona ni wajibu nieleze kwanza jinsi afanyavyo kazi. Blogu, na aghalabu tovuti ya gazeti pia, mbali na kurasa zake zenye picha na rangi na matangazo, huweka kando faili moja dogo la maandishi matupu, lililopangwa kwa utaratibu uitwao XML, ambamo yameorodheshwa makala ya karibuni, kila moja na kichwa chake, anwani yake, tarehe yake, na ama muhtasari wake ama maneno yake yote. Faili hilo ndilo mlisho. Msomaji humpa tarishi anwani za blogu azipendazo, naye tarishi huzizungukia mara kadhaa kwa siku, akipiga hodi kwenye kila mlango na kuuliza kama pana jipya tangu alipopita mara ya mwisho; pasipokuwa na jipya, kompyuta ya upande wa pili yaweza kumjibu kwa tarakimu tatu tu, 304, ambazo maana yake ni kwamba hakuna kilichobadilika, naye akaenda zake mikono mitupu; na palipo na jipya hulichukua, akalileta, akalipanga kwa tarehe na kulingoja jicho la mwenyewe. Hamuulizi mwandishi ana wasomaji laki moja au ana saba. Hamweki mbele aliyelipa, wala hamfichi aliyenyamaza siku nyingi.

Wanaonunua bando la siku watalithamini jambo moja zaidi: kwa kuwa mlisho ni maandishi, mzigo wake ni mwepesi, na programu nyingi za namna hii huyahifadhi makala katika simu, hata mtu aliyeyapokea usiku nyumbani aweza kuyasoma asubuhi ndani ya daladala bila ya mtandao wowote.

Asili ya mambo haya ni Marekani. Mwezi wa Machi 1999 kampuni ya Netscape, iliyokuwa mashuhuri kwa kivinjari chake, ilitoa mpango wa kwanza wa RSS, yaani utaratibu wa kuandika milisho, uliotungwa na Ramanathan Guha na Dan Libby, ili vichwa vya habari vya tovuti mbalimbali vipate kukusanywa katika ukurasa mmoja ambao kila mtumiaji alijipangia mwenyewe. Kampuni ile haikukawia kupoteza hamu, na kazi ikashikwa na wengine, ambao nao hawakuelewana: Dave Winer alitaka mpango ubaki mwepesi, hata mtu asiye mtaalamu aweze kuufuata, ilhali wenziwe, ambao miongoni mwao alikuwamo Aaron Swartz, kijana wa miaka 14 wakati ule, walitaka uwe na wasaa wa kubeba maarifa mengi zaidi, na mwezi wa Desemba 2000 wakatoa RSS 1.0. Winer akatoa RSS 2.0 mwaka 2002, na mwaka uliofuata haki zake zikakabidhiwa Kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard. Kisha likazuka kundi la tatu lenye mpango wake, Atom, uliokubaliwa rasmi mwaka 2005. Ugomvi huo ulikuwa mkali kwa waliokuwamo, lakini msomaji wa leo haumgusi, kwa kuwa tarishi yeyote wa maana huzisoma lugha zote tatu.

Kituo hicho cha Berkman kina udugu na sisi. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa Global Voices, wa kukusanya na kufasiri maandishi ya wanablogu wa dunia, ambamo Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa watangulizi wa kublogu kwa Kiswahili kwa blogu yake ya Jikomboe, alikuwa mhariri wa eneo la Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi naye akaanzisha blogu yake, ambayo Watanzania walio ng'ambo waliizoea kama walivyozoea kuulizia habari za nyumbani kwa mgeni aliyewasili jana. Ilikuwa miaka ya bashasha, na mtu aliyependa kusoma Kiswahili mtandaoni alikuwa na mengi ya kufuatilia.

Mwaka huo huo wa 2005, mwezi wa Oktoba, ndipo Google ilipotoa kisomaji chake kilichoitwa Google Reader, nacho kikawa kizuri na cha bure kiasi kwamba wengi waliona hakuna haja ya kutafuta kingine. Na hapo ndipo ulipojificha msiba, maana kampuni ile ilipotangaza Machi 2013 kwamba watumiaji wamepungua na kisomaji kitafungwa tarehe 1 Julai, watu walijikuta wamemtegemea tarishi mmoja dunia nzima. Katika saa 48 za kwanza watu zaidi ya 500,000 walihamia Feedly. Wengi wengine hawakuhama popote. Waliiacha tabia yenyewe, wakajikabidhi kwa mitandao ya kijamii, ambako mwenye duka ndiye aamuaye mteja aone nini. Walakini wale waliohama hawakupoteza kitu, kwa sababu orodha ya anwani za msomaji yaweza kutolewa katika faili la namna ya OPML na kupandishwa katika programu nyingine kwa dakika chache, iwe ni Inoreader, au NetNewsWire kwa wenye vifaa vya Apple, au FreshRSS kwa wanaopenda kuwa na mtambo wao wenyewe. Orodha ni mali ya msomaji. Mimi yangu huinakili kila mwanzo wa mwaka.

Najua lawama zake. Mwenye pupa ataandikisha blogu mia tatu kwa wiki moja, kisha ataogofywa na hesabu ya yasiyosomwa inayopanda kila siku, ilhali hakuna sharia inayomlazimu kuyamaliza; na wako wenye tovuti watoao mistari miwili tu katika mlisho ili msomaji avutwe kwenye matangazo yao, jambo ambalo sitawalaumu sana, kwani nao wana watoto wa kulisha. Ziko pia tovuti zisizo na mlisho kabisa, ingawa kabla ya kukata tamaa yafaa kujaribu, mathalani kwa blogu ya WordPress kuongeza neno feed baada ya mkwaju mwishoni mwa anwani, maana mara nyingi mlisho upo hata pale ambapo mwenyewe hajui kwamba anao.

Lakini hoja yangu kubwa ni juu ya wanaoandika kwa nadra. Katika lugha yetu, waandishi wa blogu walio bora hawaishi kwa kazi hiyo: ni walimu, wauguzi, mabaharia waliostaafu, watu ambao huandika wapatapo nafasi, na kimya chao huwa na sababu nyingi, mara ugonjwa, mara mitihani ya wanafunzi, mara gharama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipowataka wanablogu wa Tanzania wachukue leseni na kulipa ada, wako walioacha kuandika kwa sababu hawakuwa na fedha hizo. Mtandao wa kijamii humhukumu mtu wa namna hiyo kuwa amekufa, na arudipo haumpi nafasi. Tarishi hamhukumu. Katika orodha yangu zimo anwani sitini na tatu, na kumi na moja kati ya hizo hazijatamka neno kwa zaidi ya mwaka; sijaifuta hata moja, kwa kuwa kuziacha hakunigharimu chochote, na kwa kuwa ya Tanga ilikuwa mojawapo mpaka Jumamosi.

Mwishoni mwa makala yale bwana yule aliuliza kama kuna mwenye neno jingine la kipindi cha maleleji, pepo za kaskazi na kusi zinapopishana na bahari haijaamua. Nilimpigia simu mjomba wangu aliyeko Pemba, aliyewahi kuvua kwa miaka arobaini, akanipa neno la babu yake pamoja na maelezo marefu ya namna lilivyotumika, nikayaandika yote na kumpelekea bwana yule siku ile ile. Hajajibu bado. Leo tarishi amepita kwake mara sita, na mara zote sita amejibiwa 304.