Swali Lile Lile Mara Nne: Kuchanga Maswali katika Programu za Simu

Wauguzi na wakunga wengi siku hizi hujipima kwa programu za maswali zilizomo katika simu zao, wakiwa wanangoja zamu, wakiwa ndani ya daladala, au usiku wodi inapotulia. Wagonjwa wa kisukari nao hushauriwa kutumia programu za aina hiyo ili wajifunze kuishi na ugonjwa wao. Malalamiko ya makundi yote mawili ni yale yale: swali lililokwisha kujibiwa hurudi baada ya dakika mbili, kisha hurudi tena. Wengi huiona kuwa kero ndogo tu. Kwa maoni yangu kero hiyo ni dalili, na ugonjwa wenyewe umo katika maswali ambayo mtumiaji hajayaona kabisa.

Tuchukue mfano wa programu yenye maswali 50 kuhusu dharura za uzazi. Mtengenezaji ameiagiza simu ichague swali lolote kwa bahati nasibu kila mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuendelea. Ni sawa na kapu lenye vikaratasi 50: mtu huchomoa kimoja, hukisoma, hukirudisha kapuni, kisha huchomoa tena. Kikaratasi kilichosomwa sasa hivi kina nafasi sawa na kingine chochote ya kutoka tena. Wengi wetu hudhani kwamba marudio yangekuwa nadra, lakini hesabu yasema vinginevyo. Katika maswali 10 tu ya mwanzo, uwezekano wa angalau swali moja kujirudia ni takriban asilimia 62. Ni hesabu ya jamii moja na ile inayoonyesha kwamba, katika chumba chenye watu 23, uwezekano wa kuwapata wawili waliozaliwa siku moja ya mwaka unapita nusu.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio unaonitia wasiwasi. Mkunga akijibu maswali 50 kwa mtindo huo, kwa wastani maswali 18 yatakuwa hayajamfikia. Ili ayaone yote, atahitaji kujibu kwa wastani mara 225. Nani ana muda huo katika zahanati yenye wahudumu wawili? Miongoni mwa yale 18 laweza kuwamo swali la magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, au la mtoto mchanga asiyepumua, ambaye hupaswa kuanza kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake. Programu imempa alama 45 kati ya 50, naye amejiridhisha. Kumbe swali la yuniti 10 za oksitosini amelijibu mara nne, na kila mara limehesabiwa kama ujuzi mpya.

Dawa yake inajulikana kwa kila aliyewahi kucheza karata: zichangwe kwanza, kisha zitolewe moja moja hadi ziishe. Utaratibu wa kufanya hivyo kwa haki uliandikwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, katika kitabu cha majedwali ya takwimu kwa ajili ya utafiti wa biolojia, kilimo na tiba. Yafaa tukumbuke kwamba chimbuko lake limo katika kazi za watafiti kama sisi, si katika michezo. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld aliuandika upya ili uifae kompyuta. Programu hupanga maswali yote 50 katika orodha. Huchagua moja kwa bahati nasibu na kulibadilishana nafasi na lile la mwisho. Kisha huchagua kati ya 49 yaliyosalia na kufanya vivyo hivyo, hadi mwanzo wa orodha. Baada ya hapo huuliza kwa kufuata mpangilio uliopatikana. Hakuna swali linaloweza kurudi kabla ya mengine yote kutoka.

Baadhi ya watengenezaji hupita njia ya mkato: huchagua ovyo, na swali likiwa limekwisha kuulizwa hulitupa na kuchagua jingine. Njia hiyo hufanya kazi, ila kadiri maswali yanavyopungua ndivyo majaribio ya bure yanavyoongezeka. Swali la mwisho kati ya 50 huhitaji kwa wastani majaribio 50 kupatikana. Tena mtengenezaji akisahau kuweka kikomo pale maswali yote yanapokwisha, programu huzunguka bila kusita na simu hukwama.

Kuchanga pekee hakutoshi. Orodha iliyochangwa, pamoja na mahali mtumiaji alipofikia, lazima vihifadhiwe katika kumbukumbu ya simu. Programu inayochanga upya kila inapofunguliwa humtesa mtu anayejibu maswali 10 kila jioni: hataona marudio katika kikao kimoja, lakini baada ya jioni tano, kwa wastani maswali 16 yatakuwa bado hayajamfikia.

Hata hivyo, si kila marudio ni mabaya. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885, tunajua kwamba kusahau huenda kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi huimarisha kumbukumbu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi, baada ya wiki moja, kuliko waliosoma tena maandishi yale yale. Mgonjwa wa kisukari aliyekosea swali la sukari iliyoshuka chini ya 3.9 (kwamba ale gramu 15 za sukari ya haraka, kisha apime tena baada ya dakika 15) anapaswa kuliona tena kesho, na tena baada ya siku chache. Hayo ni marudio yenye sababu. Majibu nayo yachangwe, la sivyo mtu atakariri kwamba jibu ni la pili kutoka juu.

Msomaji anaweza kuipima programu yake kwa kalamu na daftari. Aandike neno moja la kila swali analoulizwa, aifunge programu katikati, aifungue kesho yake, kisha aendelee. Swali alilolijibu sawasawa likirudi kabla ya mzunguko kuisha, amjulishe mtengenezaji na kumweleza habari ya kuchanga karata. Wodi isiyo na simu za kutosha yaweza kutumia kadi za manila na bahasha mbili: kadi iliyojibiwa sawasawa huingia bahasha ya pili, iliyokosewa hurudi chini ya fungu, na kuchanga hufanywa tu fungu linapokwisha.