Kidonda cha Kope Kisichopona



Hapa hospitalini tunapokea wagonjwa wenye uvimbe mdogo kwenye kope, nao hutuambia, "Sista, ni chokea tu." Mara nyingi ni kweli. Chokea huuma, huiva, na ikikandwa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu huisha baada ya wiki moja au mbili. Lakini uvimbe au kidonda kinachopita mwezi mmoja chaweza kuwa saratani. Nayo mara nyingi haiumi. Ndiyo maana watu huipuuza.

Dalili zake ni hizi:

(a) Kipele kigumu chenye kingo zinazong'aa kama ushanga, katikati pamebonyea.
(b) Kidonda kinachotoa damu, kinafanya kigaga, kisha kinafunguka tena.
(c) Nywele za kope kunyonyoka mahali hapo.
(d) "Chokea" inayorudi palepale, au jicho moja jekundu lisilosikia dawa.

Ziko aina kadhaa. Ya kwanza huanza tabaka la chini la ngozi, hasa kwenye kope ya chini. Ni nadra kusambaa mwilini, lakini ikiachwa huila kope, jicho, hata mfupa. Ya pili huanza tabaka la juu la ngozi, na ya tatu kwenye vitezi vya mafuta vya kope. Hizi mbili ni kali zaidi, kwani zaweza kufika kwenye tezi za mbele ya sikio na za shingoni.

Jua kali la miaka mingi ni chanzo kikubwa cha aina mbili za kwanza. Ndugu zetu wenye ualbino wamo hatarini hata wakiwa vijana. Wazazi, wavalisheni kofia pana na miwani ya jua tangu utotoni.

Daktari hukata kipande kidogo kipimwe maabara. Ikithibitika ni saratani, huondolewa kwa upasuaji na kope hutengenezwa upya. Wengine huhitaji mionzi, kama itolewavyo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Ikiondolewa ingali ndogo, walio wengi hupona na jicho lao hubaki. Hata hivyo warudi kuangaliwa kwa miaka kadhaa, maana huweza kuota tena.

Wanaotusikitisha ni wale wanaokaa mwaka mzima wakipaka majani au dawa ya macho ya dukani. Baadhi yao hulazimika kuondolewa jicho ili maisha yaokolewe.

Jumapili hii mkitoka Misani, watazameni babu na bibi machoni. Mkiona kidonda cha zaidi ya mwezi, waleteni. Msingoje mavuno.