Je, Wajua? Bawa la Ndege Limo Ndani ya Tarakimu Nne

2412 ni ramani kamili
Umbo la bawa la Cessna 206, ndege ambayo marubani wa MAF, shirika la kimisionari la ndege, wameirusha kutoka Dodoma kwenda vijiji vya mbali, limefumbatwa na namba 2412, fupi kama namba ya siri ya simu yako. Bawa likiwa na upana wa sentimeta 150 toka mbele hadi nyuma, 2 ni asilimia ya mbinuko: sentimeta 3. Namba 4 inaonyesha kilele cha mbinuko kwa sehemu za kumi za upana, yaani sentimeta 60 kutoka mbele, na 12 ni asilimia ya unene: sentimeta 18!

Puani ndipo penye kazi
Sentimeta 7.5 tu kutoka puani, yaani ukingo wa mbele wa bawa, bawa hilo tayari lina unene wa karibu sentimeta 11. Kwa hiyo anayejijengea ndege hurundika vipimo mbele, maana pua ikichongwa vibaya, hewa huachana na bawa mapema.

Nusu duara hupanga alama
Ili kupanga alama za vipimo hivyo, chora nusu duara juu ya mstari wa sentimeta 150, gawa pembe yake katika sehemu 10 sawa, kisha shusha mistari wima. Alama ya kwanza itaangukia sentimeta 3.7 hivi kutoka puani, huku za katikati zikiachana kwa sentimeta 23. Penye mkunjo mkali, alama hujisogeza zenyewe!

Tumbo bapa lilivuka Atlantiki
Umbo jingine la bawa, Clark Y, lililobuniwa mwaka 1922, limenyooka chini kwa sehemu kubwa. Mbavu zake hulala vizuri juu ya meza ya fundi, na ndilo lililombeba rubani Charles Lindbergh kutoka New York hadi Paris mwaka 1927.

Hewa ya Dodoma ni nyepesi
Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12, hivyo ndege hulazimika kukimbia kasi zaidi, asilimia 6 hadi 7 hivi, ndipo inyanyuke.

Karatasi nayo hutanuka
Karatasi ya mchoro wa bawa hunyonya unyevu wakati wa mvua na kunywea kiangazi, na mashine ya kuchapa nayo huweza kupunja. Kabla ya kukata plaiwudi, weka futikamba juu ya mchoro: ukisoma sentimeta 149 badala ya 150, chapa upya.